Robert Koch: Tabibu wa Vijidudu Aliyefika Amani ya Muheza



Ndugu wasomaji, anayetoka Tanga mjini akafika Muheza, penye machungwa, kisha akaiacha lami na kupanda milima ya Usambara Mashariki, atafika mahali panapoitwa Amani. Ni kiasi cha mita 900 juu ya bahari. Kuna baridi, ukungu wa asubuhi, na miti mirefu iliyoletwa kutoka pembe zote za dunia. Miti hiyo haikujiotea. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe, chini ya mtafiti aitwaye Franz Stuhlmann, ili kujua ni mmea gani ungeshika katika ardhi ya koloni lao, ni mdudu gani angeuharibu, na ni kitu gani kingeweza kutolewa ndani yake kikauzwa. Walikuwepo wataalamu wa kemia, wa mimea na wa wadudu. Kwa zama zake kilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya namna hiyo katika Afrika yote.

Katika watu waliopanda mlima ule na kufanya kazi pale, mashuhuri kuliko wote ni Robert Koch. Vijana ninaowasomesha, wale wanaochukua sayansi hasa, huniuliza suali moja karibu kila mwaka: tumchukulieje mtu ambaye ilmu yake tunaitumia hospitalini kila siku, na ambaye mkono wake huo huo uliwaumiza watu wa huku kwetu? Suali hili halijibiwi kwa neno moja. Linataka maisha ya mtu yasomwe tangu mwanzo, kwa uadilifu, yaliyo mema yake na yaliyo mabaya yake. Uislamu haukuturuhusu kumdhulumu mtu kwa kuwa si katika sisi.

Koch alizaliwa tarehe 11 Disemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz huko Ujerumani. Ni mji wa migodi, na baba yake alikuwa mtu wa migodi. Nyumba ilijaa watoto, wazazi wake walizaa kumi na watatu. Yeye alipenda kukusanya mimea, wadudu na mawe, na alipenda sana khabari za safari za mbali. Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, akasoma udaktari, na mwaka 1866 akahitimu kwa daraja ya juu. Huko alimkuta mwalimu aitwaye Jacob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa ameandika kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Wakati ule wengi waliamini ni hewa chafu tu. Henle alikuwa na fikra, ila hakuwa na ushahidi.

Mwaka 1867 Koch alimuoa Emmy Fraatz, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, binti aitwaye Gertrud. Yeye alitamani kuwa tabibu wa merikebu, azunguke dunia. Mke hakutaka. Basi wakawa wanahama kutoka mji mdogo mmoja hadi mwengine, akaenda vitani mwaka 1870 kutibu majeruhi wa vita vya Ujerumani na Ufaransa, na mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya pale Wollstein, ambayo leo imo ndani ya Poland.

Hapa ndipo tusimame kidogo, maana hapa ndipo alipojengeka.

Wollstein hakukuwa na chuo, hakukuwa na maktaba kubwa, hakukuwa na wenzake wa kushauriana nao. Alikuwa na wagonjwa wa kila siku, na hadubini aliyopewa na mkewe. Akakigawa chumba chake cha kazi kwa pazia: upande huu wagonjwa, upande ule panya na vioo. Katika wilaya ile kimeta kilikuwa kikiua kondoo na ng'ombe, na mara nyengine wachungaji. Watu wengine walikwishaona vijiti vidogo ndani ya damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta. Lakini kuviona vijiti ndani ya mzoga si dalili kwamba vijiti ndivyo vilivyoua. Huenda vimezaliwa na uozo. Koch alitaka kujua yakini.

Alichukua kibanzi cha mti, akakitia damu ya mnyama aliyekufa, akampenyezea panya chini ya ngozi. Panya akafa, na damu yake ikajaa vijiti vile vile. Akachukua kutoka kwa huyo akamtia mwengine, na kutoka kwa huyo mwengine, na kadhalika. Kisha akatafuta njia ya kuvikuza vijiti nje ya mwili, pasipo damu wala uozo. Akatumia maji ya ndani ya jicho la ng'ombe, tone dogo juu ya kioo, akalitunza kwa joto, akakaa akitizama kwa saa nyingi. Akaona vijiti vinarefuka vikawa kama nyuzi, na ndani ya nyuzi vikatokea vijidoa vinavyong'ara. Hivyo vijidoa vilikuwa mbegu, zinazostahamili ukavu na baridi. Akazikausha, akazirudishia maji, zikaota tena zikawa vijiti, na vijiti vikaua panya. Kumbe ndio maana malisho yaliyofugiwa wanyama wagonjwa yalikuwa yakiua kondoo hata baada ya miaka.

Mwaka 1876 alifunga vioo vyake na panya wake, akaenda Breslau kwa Profesa Ferdinand Cohn, akayafanya yote mbele ya macho ya wataalamu kwa siku kadhaa. Daktari wa kijijini akawa ametoa kitu ambacho vyuo vikubwa havikuwahi kukitoa: uthibitisho, hatua kwa hatua, kwamba kijidudu fulani ndicho chenye kuleta maradhi fulani. Baadaye njia hii iliwekwa katika kanuni zinazojulikana kwa jina lake. Kijidudu kikutwe kwa kila mgonjwa wa maradhi hayo, kitolewe na kukuzwa peke yake, kikitiwa kwa mnyama mzima kilete maradhi yale yale, na kitolewe tena kwa huyo. Anayesoma ilmu ya hadithi ataitambua tabia hii mara moja: ni tabia ya kutokubali khabari mpaka kila aliyeipokea ajulikane.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, katika idara ya afya ya dola. Tatizo lililomkabili huko lilikuwa la ufundi. Ndani ya mchuzi vijidudu vya kila aina huchanganyika, na utavitenganisha vipi? Koch aliona kwamba juu ya kitu kigumu kila kijidudu hukua mahali pake kikafanya doa lake, kama ukungu juu ya kiazi kilichokatwa. Akatumia jelatini, lakini jelatini huyeyuka kwenye joto la mwili, na vijidudu vyengine huila. Suluhisho lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa mmoja katika wasaidizi wake, alikuwa akigandisha vyakula vyake kwa agari, kitu kinachotolewa kwenye mwani. Alijifunza hayo kwa watu waliowahi kuishi Java. Akamwambia mumewe, mume akamwambia Koch, na mpaka leo maabara zote za dunia huoteshea vijidudu juu ya agari. Koch aliitaja agari katika maandishi yake ya 1882, lakini jina la yule bibi hakulitaja. Mama zetu wa Paje na Jambiani wanaolima mwani wajue kwamba mwani wao ni jamaa na huo. Wao hulima aina nyengine, inayotoa kigandishi kinachofanana nao, kinachotiwa katika vyakula na dawa za meno.

Kwa vyombo hivyo akakiendea Kifua Kikuu. Huko Ulaya inakisiwa kilikuwa kikichukua roho moja katika kila saba zinazokufa. Kijidudu chake ni kidogo, hukua polepole sana, na rangi za kawaida hazikishiki. Alijaribu rangi baada ya rangi mpaka kikaonekana, akakikuza kwa wiki nyingi, akawatia wanyama wengi. Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya madaktari wa Berlin, akaweka vioo zaidi ya mia mezani, akaeleza. Alipomaliza hapakuwa na wa kubisha. Siku hiyo ya 24 Machi ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Kila anayepeleka makohozi yake Mnazi Mmoja au Chake Chake yakatizamwa chini ya hadubini, anafaidika na kazi ile.

Mwaka uliofuata, 1883, kipindupindu kilipoingia Misri, alipelekwa Iskandaria, kisha Calcutta, India. Huko alikithibitisha kijidudu chake, chenye umbo la koma, na kukifuatilia mpaka kwenye mabwawa ya maji ya kunywa. Wafaransa nao walituma watu wao Misri, na mmoja wao, kijana Louis Thuillier, akafa kwa maradhi yale yale. Koch alihudhuria maziko yake, ingawa baina yake na Louis Pasteur, mwalimu wa kijana yule, palikuwa na uadui wa wazi. Alirudi Berlin mwaka 1884 akapokewa kama mshindi wa vita, akapewa zawadi ya Mark 100,000.

Sifa ni mtihani. Mwaka 1890, katika mkutano mkubwa wa madaktari huko Berlin, Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia Kifua Kikuu kukua. Mtu aliyekataa kukubali lolote bila ya ushahidi, safari hii alisema kabla ya ushahidi kukamilika. Tena aliificha dawa yenyewe, hakusema imetengenezwa na nini, na alikuwa akitarajia faida kubwa ya mali kutokana nayo. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila nchi, wengine wakifia njiani. Miongoni mwa waliokwenda kutizama alikuwemo daktari kijana wa Kiingereza, Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, akarudi akiandika kwamba watu wasiharakie. Ikadhihirika dawa haiponyi, na wengine iliwazidishia mpaka wakafa. Mwaka 1891 ikabidi aseme ni kitu gani: kilikuwa maji yaliyotolewa kwenye vijidudu vyenyewe vya Kifua Kikuu kwa glisirini. Tuwe waadilifu, alikuwa amejidunga mwenyewe kabla ya wengine, akaugua vibaya. Na dawa ile ilibaki na faida moja kubwa, nayo ni kupimia: hutiwa chini ya ngozi ya mkono ili kujua kama mtu amekwishaambukizwa.

Mwaka 1893 alimpa talaka Emmy, akamuoa Hedwig Freiberg, msichana mdogo kwake kwa karibu miaka thalathini. Berlin ilisema mengi. Ndoto ya merikebu aliyoiacha ujanani akairudia, na Hedwig akafuatana naye katika safari nyingi.

Mwishoni mwa 1896 alikwenda Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka, maradhi yaliyokuwa yakimaliza ng'ombe wa bara hili. Mwaka 1897 alikuwa Bombay kwa ajili ya tauni, na kutoka huko akavuka bahari kuja Dar es Salaam, akakaa mpaka 1898. Alichunguza malaria, akachunguza tauni iliyokuwepo upande wa Bukoba, na akatizama damu ya ng'ombe wa pwani waliokuwa wakifa. Katika damu hiyo aliona vimelea vidogo akadhani ni maradhi yanayojulikana Marekani. Alikosea. Miaka michache baadaye, alipoitwa Bulawayo mwaka 1903, alitambua kwamba haya ni maradhi mengine kabisa, ya pwani yetu hii, ambayo wafugaji leo huyaita ndigana kali, na akayaandika hivyo.

Mwaka 1905, akiwa ameshaacha kuongoza taasisi yake ya Berlin, alirudi tena. Ndio mwaka ambao Majimaji iliripuka kusini mwa nchi, na mwenye kusoma khabari za sayansi ya zama zile asiisahau. Wapagazi na wasafiri wa njia za misafara walikuwa wakipata homa inayokuja, ikaondoka, ikarudi. Waswahili walikuwa na jina la mdudu wake: papasi, kupe laini anayekaa kwenye nyufa za sakafu za udongo na kutoka usiku. Wazee walijua kwamba papasi huleta homa. Koch aliwapasua papasi, akavikuta vijidudu ndani yao, kisha akavikuta ndani ya mayai yao, na akaonyesha kwamba hata papasi mdogo aliyetoka yaini, ambaye hajamnyonya mtu, anaweza kuambukiza. Akashauri misafara isilale kwenye vibanda vikongwe vya njiani. Hii ilikuwa kazi safi. Watafiti wengine huko Uganda na Kongo walikuwa wakiyafikia mambo hayo hayo wakati ule ule, na mmoja wao, Joseph Dutton, alikufa Kongo kwa homa hiyo. Mwisho wa mwaka huo Koch alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya Kifua Kikuu.

Sasa tufike Amani. Katika miaka hiyo malale yalikuwa yakiangamiza watu kandokando ya Ziwa Victoria. Katika Uganda peke yake waliokufa tangu mwanzo wa karne wanakisiwa kuwa zaidi ya 200,000. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Koch mwaka 1906 pamoja na madaktari wengine, akiwemo Friedrich Karl Kleine na Robert Kudicke. Kabla ya kwenda ziwani waliweka kambi Amani. Sababu yake iko wazi. Reli kutoka Tanga ilikuwa ikifika Muheza tangu 1896, kituo kilikuwa na maabara, na bonde lilikuwa na mbung'o. Hapo walianza kwa kuwapasua mbung'o na kutafuta vimelea vya nagana ya wanyama ndani ya matumbo yao na midomo yao, ili waijue kazi kabla ya kuwaendea binaadamu. Mzee wa miaka 62, mwenye Nobel, amekaa chini ya miti ya Usambara anapasua nzi mmoja mmoja. Ni Koch yule yule wa Wollstein, na mimi hapa humpenda.

Kutoka Amani walikwenda Mwanza. Huko wagonjwa hawakuwa wengi, basi Waingereza wakawaruhusu kuingia visiwa vya Sese, ndani ya Uganda, na kuanzia Agosti 1906 wakapiga kambi kisiwa cha Bugala. Watu wengi wa visiwa vile walikuwa wameshakufa. Khabari zilipoenea kwamba amekuja daktari mkubwa mwenye dawa, wagonjwa walivuka ziwa kwa mitumbwi, wengine wakibebwa, mpaka wakapindukia elfu moja.

Dawa ilikuwa ni atoksili, iliyotengenezwa kwa arseniki, yaani sumu. Koch alianza kwa sindano za nusu gramu. Wagonjwa waliokuwa hawanyanyuki wakaanza kukaa, wakala, wakatembea. Vimelea vikatoweka katika damu na katika tezi za shingo. Furaha ilikuwa kubwa, na Koch akapeleka Ujerumani khabari za kheri. Kisha vimelea vikarudi. Hapo ndipo alipokata shauri la kuongeza kipimo hadi gramu nzima. Sindano ziliwauma watu vikali, wengine wakatoroka. Na kisha macho yakaanza kuzima. Zaidi ya watu 20 walipofuka moja kwa moja, wasione tena maisha yao. Koch alikirejesha chini kipimo, na upofu ule akauandika katika ripoti yake, hakuuficha. Lakini walikwishapofuka.

Watetezi wake husema kwamba malale yasipotibiwa huua, kwa hiyo asiyepofuka angekufa. Hii ni hoja, na si ndogo. Wengine humwita muuaji, na hao nao wamevuka mpaka. Kwa maoni yangu jambo zito liko mahali pengine. Wale watu walikuja wenyewe, wakiomba dawa. Hawakuja kupimwa kipimo gani kinavumilika. Kipimo kilipokuwa mara mbili, uamuzi ulikuwa wa mtu mmoja, katika nchi ambayo mgonjwa hakuwa na hakimu wa kumshitakia, na matokeo yake yalikuwa yakisubiriwa Berlin. Mgonjwa wa Berlin wa mwaka 1890 alikuwa na magazeti na madaktari wengine wa kumtetea, na ndio maana dawa ile ya mwanzo ilishindwa hadharani. Kipofu wa Bugala alirudi kwao kwa mtumbwi akiongozwa mkono.

Mafakihi wetu waliliangalia suala hili karne nyingi kabla ya hapo. Ibn al-Qayyim, alipozungumzia dhamana ya tabibu, aliwatenganisha matabibu. Mwenye kutibu asiyejua, akaharibu, huyo anadhamini. Mjuzi aliyepewa idhini, akaipa kazi haki yake na mkono wake usivuke mpaka, huyo hadhamini hata kama mgonjwa ataharibikiwa. Na mjuzi aliyekata pasipo idhini ya mgonjwa au walii wake, wanachuoni wa madhehebu yake walisema anadhamini. Ujuzi peke yake haukumtosheleza tabibu. Tafadhali zingatieni hili, kwa sababu leo pia wanakuja watafiti mitaani na maskulini kutaka damu za watoto wetu, na wengi wao ni watu wa kheri wanaofuata sheria. Mzazi ana haki ya kusomewa karatasi ile kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, ya kuuliza, na ya kukataa. Kuuliza si ukosefu wa adabu, wala kukubali utafiti wenye manufaa si ukosefu wa tawakkul.

Fauka ya dawa, Koch alishauri wagonjwa wakusanywe katika makambi maalumu, vichaka vya pwani za ziwa vifyekwe, na mamba wauliwe, kwa kuwa aliona damu yao matumboni mwa mbung'o. Waingereza kwa upande wao waliwahamisha watu wote wa pwani za ziwa, na kufikia 1909 Sese ikabaki tupu. Upande wa Wajerumani makambi yalifunguliwa, na atoksili iliendelea kudungwa kwa miaka. Kumtenga mgonjwa kuna asili katika mafundisho yetu wakati wa tauni. Kumtoa mtu kwao kwa nguvu na kumtia dawa asiyoijua ni jambo jengine.

Koch aliondoka Sese mwishoni mwa 1907. Mwaka 1908 alizuru Marekani na Japani, ambako mwanafunzi wake Kitasato alimpokea kama baba. Moyo wake ulikuwa umeshachoka. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na miaka 66. Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, Kleine, aliyekuwa naye Amani na Sese, alithibitisha jambo ambalo mwalimu wake hakuliona: kimelea cha malale hukua kwanza ndani ya mwili wa mbung'o kwa wiki kadhaa kabla ya nzi huyo kuweza kumwambukiza mtu. Na Paul Ehrlich, mwengine katika wanafunzi wa Berlin, aliichukua ile atoksili akaibadilisha kikemia mara mamia mpaka akapata Salvarsan, dawa ya kaswende iliyotoka mwaka 1910.

Kituo cha Amani hakikufa naye. Wakati wa vita vya 1914 Wajerumani walipofungiwa njia ya bahari, Amani ndiyo iliyowatengenezea kwinini kutokana na magome ya mikwinini iliyopandwa pale. Waingereza walipokishika, katika miaka ya 1930 watafiti wake waliuchunguza muhogo, chakula chetu. Waliuzalisha na jamaa yake wa msituni, ule mti wa mpira ulioletwa na Wajerumani, wakapata mbegu zinazostahamili batobato. Mbegu zilizotokana na kazi ile zilifika hadi Afrika Magharibi. Baada ya hapo majengo yakaingia kazi ya malaria, na leo kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kina makao yake Muheza yenyewe, mjini, kikiendeshwa na Watanzania.

Na mbung'o? Kwetu Unguja alikuwepo pia, akiwaua ng'ombe kwa nagana. Tanga palijengwa mahali pa kumfuga kwa mamilioni. Madume yakapigwa mionzi yawe tasa, yakavushwa bahari na kumwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, kuanzia 1994. Jike akipandwa na dume tasa hazai. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Unguja mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena.